Tsavo, Nyika ya Wapita Njia

Abiria wa basi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa huipita Tsavo usingizini. Basi limesimama Mtito Andei, watu wamejisaidia, wamekunywa chai ya haraka, na wakisharudi vitini kila mmoja anatafuta mahali pa kuegemeza kichwa. Akifumbua macho ni Mariakani, jua limechomoza, na jirani yake anauliza kama Mazeras tumeshaipita. Katikati ya usingizi huo gari limepasua mbuga ya wanyama yenye zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Unguja na Pemba zikiunganishwa zingeingia humo mara nane.

Mimi na mpwa wangu tulikuwa tunateremka Mombasa kwa harusi, tukakubaliana kuipita mchana. Hesabu ilikuwa rahisi: kuingia lango la Mtito Andei asubuhi, kuzunguka Tsavo Magharibi hadi chemchemi za Mzima, kutokea lango la Tsavo, kuvuka lami, kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Manyani, na kuwahi lango la Voi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kijana alishika usukani, mimi nikashika ramani na chupa ya chai. Mgogoro ulianza mapema, kwenye kulipa kwa simu, alipogundua kwamba kila upande una tiketi yake.

“Mjomba, tunalipa mara mbili kuona ndovu walewale?”

Alikuwa na hoja. Ndovu hawajui Mashariki wala Magharibi. Mbuga hii ilipotangazwa mwaka 1948 ilikuwa moja, ikagawanywa mara moja kwa ajili ya usimamizi, na mpaka uliotumika ulikuwa umeshachorwa na wengine: reli, na barabara inayoandamana nayo. Kwa hiyo kabla ya kuwa mbuga, Tsavo ilikuwa njia. Hilo ndilo lililonikaa akilini siku nzima, maana vitabu vya watalii huieleza kama pori lisiloguswa, ilhali ukitembea humo kwa macho ya historia unakutana na nyayo za watu kila baada ya kilometa chache. Kilichofanyika mwaka 1948 ni kuchagua nani angeruhusiwa kuendelea kupita na nani angeambiwa atoke.

Watu wa pwani waliiita nchi hii nyika, na hawakuwa wakiisifu. Kutoka Mombasa, msafara ukishaacha minazi ya Rabai ulikuwa unaingia katika vichaka vya miiba vya Taru, mahali ambapo mvua ni chache na mito haipo. Maji yalipatikana kwa vituo: mashimo ya mawe Taru, kisha kilima cha Maungu, kisha vijito vya milima ya Taita, mto Voi, na hatimaye mto Tsavo wenyewe, ambao haukauki kwa sababu unalishwa na Mzima. Kiongozi wa msafara alipimwa kwa ujuzi wa vituo hivyo. Akikosea siku moja, wapagazi walianza kutupa mizigo.

Biashara iliyowapitisha watu humo ilikuwa ya pembe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio walioishika, wakiteremsha pembe hadi pwani na kupandisha nguo, shanga na waya wa shaba. Jina kubwa miongoni mwao ni Kivoi wa Kitui, ambaye nyumbani kwake ndiko mmisionari Ludwig Krapf alikouona Mlima Kenya mwaka 1849. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa amepita upande wa Taita akauona Kilimanjaro. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri wa Mombasa, mtu wa misafara aliyezijua njia hizi vizuri. Rebmann aliandika kuhusu theluji, na mabingwa wa jiografia huko London, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, wakambishia kwa miaka: theluji gani karibu na ikweta? Bwana Kheri hakuulizwa na mtu. Vitabu vinasema Rebmann “aligundua”, na Bwana Kheri anabaki kwenye sentensi ya pembeni, ingawa bila yeye Rebmann asingefika hata Maungu.

Kutoka lango la Mtito Andei barabara ni ya udongo mwekundu, ule ule unaowapaka ndovu wa Tsavo rangi inayowashangaza wageni. Ndovu wetu ni wa kijivu kama wa kwingine; wanajirushia vumbi na kujigaragaza kwenye tope, basi wanatoka wakiwa kama matofali mapya. Saa moja ya kwanza hatukuona ndovu hata mmoja. Tuliona digidigi wawili wawili, twiga aliyetuangalia kwa dharau, na hondohondo waliokuwa wakirukaruka mbele ya gari kana kwamba wamelipwa kutuongoza.

Tukapinda kwenda Shetani. Huu ni mto wa mawe meusi ulioganda, karibu na lango la Chyulu, uliotoka ardhini kwa moto miaka mia chache tu iliyopita. Kwa umri wa dunia, hiyo ni jana. Wenyeji walioona ardhi ikipasuka na moto ukitembea walisema shetani ametoka, na kwa kweli hata leo ukisimama pale saa nne asubuhi, joto likipanda kutoka kwenye mawe na hakuna mti wa maana mbele yako, jina hilo unaliona limefaa. Nilikanyaga ukingoni. Mawe ni mepesi, yana matundu, na yanagongana chini ya kiatu kwa mlio wa vyungu vilivyovunjika. Mpwa wangu alitaka kupanda juu zaidi apige picha, nikamkataza; kingo zake hukata kama wembe.

Mawe hayo meusi ndiyo siri ya Mzima. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haiteremki kama mto. Majivu na mawe ya volkeno yanainywa yote, inasafiri chini kwa chini kwa kilometa nyingi, na inatokea Mzima ikiwa imechujwa hadi unaweza kuhesabu kokoto zilizo chini. Kiasi kinachotoka hukadiriwa kuwa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Katikati ya nchi kavu kiasi hiki, unasikia mlio wa maji kabla hujayaona, na ghafla kuna mitende, mikuyu, tumbili wezi, na ubaridi unaokuvuta ukae.

Mzima huruhusiwi kutembea peke yako. Afande mwenye bunduki begani alitutangulia kwenye kijia, akituonyesha mahali mamba anapopenda kuota jua. Chini ya kivuli kuna chumba cha chuma kilichozamishwa majini, chenye madirisha ya kioo. Unashuka ngazi chache, na uso wako unakuwa sawa na samaki. Walikuwa wengi, wamejipanga wote kuelekea upande mmoja, midomo ikifunguka na kujifunga, na kila kivuli cha wingu kilipopita juu waligeuka kwa pamoja. Viboko walikuwa mbali. Tuliona pua mbili na masikio yanayochezacheza, basi.

“Afande, haya maji ndiyo yale ya Mombasa?” mpwa wangu aliuliza.

“Ndiyo haya. Ukifungulia bomba kule yakatoka, ujue ni huku. Yasipotoka, usiniulize mimi.”

Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, na maji yanateremka hadi pwani kwa nguvu ya mteremko tu. Wahandisi walishauriwa wasiliguse bwawa lenyewe, wakayachukua maji kutoka chini ya mawe ya volkeno kabla hayajatokea juu, na ndiyo maana mgeni anaweza kukaa Mzima nusu siku asijue kwamba mji mzima unakunywa kutoka hapo. Mtu wa Kisauni anayelala akisubiri mfereji utoe maji saa nane za usiku huenda hajawahi kuingia Tsavo, lakini ana haki ya kuijua kuliko mtalii yeyote.

Tulitoka kwa lango la Tsavo mchana. Hapo, kando ya barabara kuu na reli, ndipo lilipo daraja lililoipa Tsavo jina duniani. Habari yenyewe kila mtu anaijua nusunusu. Mwezi Machi 1898 mhandisi wa jeshi la Uingereza, John Henry Patterson, alifika kusimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo. Simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingo kama wengi wa simba wa huku, wakaanza kuingia kwenye mahema usiku na kuwatoa watu. Ua wa miiba haukuwazuia, moto haukuwatisha. Mwanzoni mwa Desemba wafanyakazi waligoma, mamia wakarukia gari moshi lililokuwa likirudi pwani, na kazi ikasimama kwa wiki tatu hivi. Patterson alimpiga simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Ngozi alizitandika sakafuni kwake miaka mingi, kisha katika miaka ya 1920 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo.

Waliliwa wangapi? Hapo ndipo hadithi inapovimba. Hesabu ya shirika la reli ilitaja Wahindi 28, na Waafrika ambao hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu. Baadaye Patterson mwenyewe alisema 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na manyoya ya simba wale kujua walikuwa wanakula nini, wakakadiria watu 35 hivi. Mmoja wao alikuwa na jino bovu lenye usaha, na maumivu hayo huenda yalimfanya mtu awe mawindo mepesi kuliko nyati. Ongeza pia kwamba sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe na nyati Afrika Mashariki yote katika miaka ya 1890, na kwamba njia hii ilikuwa na mazoea ya kuacha wapagazi wagonjwa na maiti zisizozikwa. Simba walikuwa wameonja kabla Patterson hajaja.

Lakini mimi naona hesabu nyingine inatisha zaidi. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilichukua zaidi ya Wahindi 30,000 walioletwa kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa malaria, kuhara, vidonda na ajali. Kwa kila Mhindi mmoja aliyeliwa na simba wa Tsavo, wengine zaidi ya themanini walikufa kwa mambo ambayo hayakuandikiwa kitabu. Simba amepata jumba la makumbusho na sinema za Marekani. Malaria haikupata hata kibao.

Hata vita vilifuata njia hiyohiyo. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliichukua Taveta, na kwa mwaka mzima na zaidi vikosi vyao vidogo vilikuwa vinavuka nyika kwa miguu, usiku, na maji ya kubebwa, kuja kulipua reli kati ya Voi na Mtito Andei. Waingereza walijibu kwa kujenga reli ya tawi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta. Mapigano ya kilima cha Salaita mwezi Februari 1916 yaliwashinda Waingereza na Waafrika Kusini, na mwezi uliofuata kamanda wao, Jan Smuts, akawasukuma Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Makaburi ya askari yako Voi na Taveta, yamepangwa na kufyekwa vizuri. Wapagazi wa Kiafrika, ambao ndio waliokufa kwa wingi katika vita vile, kwa sehemu kubwa hawana mawe yenye majina.

Lango la Manyani liko upande wa pili wa lami. Kabla ya kuliingia unaona uzio na minara ya gereza. Mwaka 1954 Manyani iligeuzwa kuwa kambi kubwa ya kuwazuilia watu walioshukiwa kuwa Mau Mau, waliokamatwa Nairobi katika msako wa Operesheni Anvil na kusafirishwa hadi huku kwa treni. Mwaka huohuo homa ya matumbo ikalipuka kambini. Serikali ya kikoloni ilipachagua kwa sababu ileile iliyoifanya Tsavo kuwa mbuga miaka sita kabla: ardhi haikutakiwa na mlowezi yeyote, na mtu akitoroka hana pa kwenda. Simba na ndovu walikuwa walinzi wasiolipwa. Leo gereza bado lipo, na jirani yake kuna chuo ambapo askari wa wanyamapori hufundishwa kazi.

Kilometa chache ndani ya Tsavo Mashariki unakutana na Mudanda, jiwe refu linalozidi kilometa moja na nusu, limelala kwenye tambarare. Maji ya mvua yanateleza juu yake na kukusanyika chini kwenye bwawa la asili. Unaegesha gari upande wa magharibi, unapanda ngazi zilizochongwa, na juu unatembea kwa kuinama kama mwizi. Mjusi mwenye kichwa chekundu alitupisha. Kule ng'ambo, chini kabisa, walikuwapo: ndovu kumi na kitu, wekundu, mama na watoto, wengine majini hadi tumboni, mmoja akijisugua ubavu kwenye jiwe. Upande ule jiwe limeng'arishwa hadi linaakisi mwanga, kazi ya migongo ya miaka isiyohesabika. Mpwa wangu aliacha kupiga picha. Tulikaa hapo kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Mudanda ndipo mahali pa kuwakumbuka Waata. Ni wawindaji wanaozungumza lugha ya Kioromo, na majirani zao waliwaita Wasanye au Waliangulu. Nchi yao ni hii, kuanzia bonde la mto Galana hadi karibu na pwani, na walimjua ndovu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga hapa. Uta wao ulikuwa mrefu na mgumu ajabu. Wazungu walioupima walikuta unahitaji mvuto wa zaidi ya kilo 45, na mwanamume mzito asiyeuzoea hakuweza kuukunja. Mshale ulikuwa wa vipande, ili mti ukidondoka kichwa kibaki ndani. Sumu waliipika kutoka mti wa msunguti, wakachemsha magome na vijiti hadi ikawa utomvu mweusi mzito, kisha wakaufunga mshale kwa ngozi laini isikauke. Mwindaji alisogea karibu sana, hatua chache tu, akilenga tumbo. Sumu ikiwa mbichi na mshale ukifika panapotakiwa, mnyama hakufika mbali. Nyama ilikuwa ya wote, na pembe zilikwenda kwa Wagiriama, Wakamba na wafanyabiashara wa pwani hadi zikapanda majahazi Malindi na Mombasa. Yaani mapambo ya majumba ya Ulaya na bangili za Bombay zilianzia, kwa sehemu, kwenye mshale wa Mwaata aliyejificha nyuma ya kichaka hapa.

Mwaka 1948 kazi hiyo ikapigwa marufuku kabisa ndani ya mbuga. Waliendelea kuwinda, wakaitwa majangili. Mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, aliyekaa hapa tangu mwisho wa miaka ya 1940 hadi 1976, na mwenzake Bill Woodley, waliongoza kampeni kubwa ya mwaka 1956 na 1957 iliyowakamata wawindaji kwa wingi na kukusanya pembe kwa tani. Wote wawili waliandika na kusema wazi kwamba waliwaheshimu watu waliokuwa wakiwafunga. Heshima hiyo ilizaa mpango wa Galana mwaka 1960: eneo kubwa mashariki ya mbuga litengwe, Waata wawinde ndovu wachache kwa kibali, wauze pembe kihalali, waishi. Ni wazo ambalo leo lingepewa tuzo. Halikudumu. Ndani ya miaka michache eneo hilo likageuka ranchi ya ng'ombe, na mwaka 1977 uwindaji wote ukapigwa marufuku Kenya nzima. Mpango uliandikwa kwa ajili ya Waata ukaishia kwa ng'ombe. Njiani kutoka Mtito Andei hadi Voi nilisoma vibao vya simba, vya ndovu na vya volkeno. Cha Waata sikukiona.

Na ndovu je, walistarehe walipoachwa? Hapa historia ya Tsavo inakuwa ngumu, na sipendi wanaoirahisisha. Katika miaka ya 1960 walikuwa wengi mno kwa nchi kavu. Waliangusha miti, wakachuna mibuyu, na misitu ya miiba ikawa majani. Mtafiti Richard Laws alipendekeza maelfu wapigwe risasi kwa utaratibu ili kuokoa mimea na ndovu wenyewe. Sheldrick akakataa katakata: asili iachwe ifanye kazi yake. Laws akaondoka. Kisha ukame wa 1970 na 1971 ukaja, na karibu ndovu 6,000 wakafa kwa njaa, wengi wao wakiwa majike na watoto ambao hawangeweza kutembea mbali na maji. Hadi leo kila upande unasema tukio lile lilithibitisha hoja yake.

Kabla jeraha hilo halijapona, majangili wenye bunduki za rashasha wakaingia. Hawa hawakuwa na uta. Nyuma yao kulikuwa na wanunuzi wenye fedha, na mbele yao maofisa waliofumba macho. Kutoka zaidi ya ndovu 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, sensa ya 1988 ilikuta chini ya 6,000. Vifaru weusi, waliokuwa maelfu, walibaki wachache kiasi kwamba waliosalia walizungushiwa uzio huko Ngulia, Tsavo Magharibi. Mwezi Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huohuo biashara ya pembe ya kimataifa ikapigwa marufuku. Ndovu wamerudi polepole; sensa ya 2021 iliwakuta karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Hata hivyo mwaka 2014 Satao, dume maarufu ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa ndani ya Tsavo Mashariki. Aliyemuua hakutumia bunduki. Alitumia mshale wa sumu.

Tulifika lango la Voi dakika chache kabla ya muda. Kabla yake unapita chini ya tuta la reli ya kisasa, iliyozinduliwa mwezi Mei 2017, iliyoinuliwa juu ya tambarare kwa udongo na zege, na mapito ya chini yaliyoachwa kwa ajili ya wanyama. Baadhi ya ndovu waliyazoea haraka. Wengine wanasita hadi leo wanapolikuta tuta. Vyovyote iwavyo, mbuga imepata ukuta wake wa kwanza, na barabara iliyo kando yake ikipanuliwa kama inavyopangwa, mnyama atakuwa na vizuizi vitatu vya kuvuka.

Jioni Voi, mezani kwenye hoteli ya nyama choma, mazungumzo hayakuwa ya simba wala Patterson. Mzee mmoja wa Kitaita aliyekaa nasi alitueleza ndovu walivyovunja tangi lake la maji wakati wa kiangazi, wakanywa, wakakanyaga mahindi wakiondoka. “Mwanangu,” alimwambia mpwa wangu, “wewe umelipa kuwaona. Mimi wananitembelea bure.” Sehemu kubwa ya kaunti ya Taita Taveta, asilimia 62 kwa hesabu inayotajwa na viongozi wake, iko ndani ya Tsavo, na kila serikali ya kaunti tangu ugatuzi uanze imedai mgao wa mapato ya malangoni. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyelemazwa daima. Kwa tangi na mahindi, mzee alisema, fomu alijaza, na bado anasubiri.

Asubuhi tulikuwa tumechelewa, na bibi harusi hangoji mjomba. Hata hivyo Mackinnon Road mpwa wangu alipunguza mwendo bila kuambiwa. Kando ya reli pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, msimamizi wa vibarua wa reli anayesimuliwa kwamba karai la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake badala ya kukikalia. Madereva wa malori na mabasi, Waislamu kwa Wakristo, husimama hapo kuomba njia salama. Kijana alishuka, akatia noti ya mia kwenye sanduku, akarudi akifuta mikono kwenye suruali. “Shule nzima walituambia habari za Patterson,” alisema akiwasha gari. “Huyu nani aliyetuambia?” Nikamwambia aendeshe, Samburu bado iko mbele, na maswali mengine amwulize mama yake.